Darasa la Tatu Litolewe Nje

Mtoto wa darasa la tatu akiulizwa mazingira ni nini, hababaiki. Anasimama, mikono nyuma, anatiririka: mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka kiumbe hai. Anapigiwa makofi, anakaa. Muulize sasa upepo wa asubuhi hii unatoka upande gani, au mti ulioko nje ya dirisha lake ni mti gani, na macho yatamkimbilia mwalimu. Katika vitu vyote hivyo vinavyomzunguka, hakuna hata kimoja alichowahi kuulizwa.

Hatusemi haya kumbeza mtoto, wala mwalimu wake. Tunasema kwa sababu darasa la tatu lina uzito ambao wengi wetu hatuupi. Darasa la kwanza na la pili mtoto yuko kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Akishavuka hapo ndipo anakutana kwa mara ya kwanza na masomo yanayomweleza dunia aliyomo. Wazazi wengi bado wanayaita yote kwa jina moja, Maarifa ya Jamii, kwa kuwa jina hilo lilikuwa kwenye karatasi ya mtihani wa darasa la saba waliyoifanya wao, na mtaala wa mwaka 2016 ulilitumia pia. Kwa Tanzania Bara jina hilo sasa linaondoka. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, ukianzia elimu ya awali, darasa la kwanza na hilihili la tatu, umeligawa somo: kuna Jiografia na Mazingira, kuna Historia ya Tanzania na Maadili, na Sayansi imesimama peke yake. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka ule ndio wa kwanza kumaliza elimu ya msingi kwa miaka sita, mwaka 2027.

Majina tumezoea kuyaona yakibadilika. Masomo haya yamewahi kutenganishwa, yakaunganishwa, sasa yametenganishwa tena, na kila yanapoguswa vitabu vinachapwa upya na walimu wanaitwa semina. Kilichomo ndani hakibadiliki sana: pande kuu za dunia, hali ya hewa, ramani ya darasa na ya shule, familia na ukoo, alama za taifa, uongozi wa shule na wa kijiji au mtaa, usafi, utunzaji wa mazingira. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa hiyo ni orodha nzuri, na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kwamba karibu kila kilichomo kiko nje ya mlango wa darasa, na sisi tunakifundishia ndani.

Chukua pande za dunia. Mwalimu anachora msalaba ubaoni. Kaskazini anaiandika juu, kusini chini, mashariki kulia, magharibi kushoto. Watoto wananakili. Ukutani imetundikwa ramani ya Tanzania, Mwanza iko juu, Songea iko chini. Baada ya wiki mbili mtoto ameelewa kwamba kaskazini ni kwenye kenchi na kusini ni sakafuni. Mwambie aonyeshe kaskazini, atanyoosha kidole darini. Hajakosea. Ndivyo alivyofundishwa. Kisha kitabu kinamwambia anyooshe mkono wa kulia kuelekea jua linakochomoza, na mbele yake patakuwa kaskazini. Kipindi kimeangukia saa tano asubuhi, jua liko karibu na utosi, basi mkono unanyooshwa kuelekea dirishani, maana ndiko kwenye mwanga.

Sasa mtoe nje na kijiti. Kiwe na urefu wa mita moja, kisimikwe wima uwanjani mahali pasipo na kivuli cha mti wala cha jengo. Kati ya saa sita na saa saba mchana, kutegemea shule iko mashariki au magharibi ya nchi, watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kinapungua, kinasita, kinaanza kurefuka tena. Kile kilichokuwa kifupi kuliko vyote kimelala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Hakikuhitaji dira wala simu, na kazi yote imeenea ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40.

Hapo ndipo penye utamu ambao mtoto wa London hawezi kuupata hata shule yao iwe na maabara ya aina gani, kwa sababu kwao kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini mwaka mzima. Kwetu kinageuka. Dar es Salaam, mwishoni mwa Mei kinaangukia kusini na kinapita nusu mita. Mwishoni mwa Novemba kinaangukia kaskazini na hakifiki sentimita 30. Katikati hapo, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na Oktoba 10, kinapotea: jua liko utosini kabisa na kijiti cha wima hakina kivuli. Mtwara kinapotea kabla Februari haijaisha, Mwanza mpaka katikati ya Machi. Jua linasafiri kwenda kaskazini, linapita juu ya shule moja baada ya nyingine, na wanafunzi wako shuleni, si likizo. Walimu wawili wa mikoa hiyo wakipigiana simu, watoto wao watakuwa wamejifunza kwa kokoto jambo ambalo wengi tulilikariri sekondari bila kuliona: kwamba jua halina njia moja, na kwamba kitabu kikisema linachomoza mashariki kimefupisha maneno.

Tumekaa sana kwenye kijiti kwa makusudi. Kinaonyesha kwamba tunachokiomba hakina gharama, na kwamba mtoto akitoka nje hapati mchezo wa kupumzisha akili. Anapata somo gumu zaidi, lenye maswali ambayo hata mwalimu itabidi ayafikirie.

Hali ya hewa nayo ni hivyohivyo. Darasani mtoto anachora kipimajoto na kipimamvua kwa rula, anavipaka rangi, anaandika kazi ya kila kimoja. Kipimamvua chenyewe kinaweza kutengenezwa kwa chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu: kata shingo, igeuze iingie ndani kama mrija wa kumiminia mafuta, weka kokoto chini chupa isianguke, jaza maji mpaka mahali pande za chupa zilipo wima, piga mstari wa sifuri hapo, funga rula ubavuni. Kila asubuhi mwanafunzi wa zamu anasoma, anaandika kwenye daftari moja la darasa, anarudisha maji kwenye sifuri. Mwaka ukiisha shule ina kumbukumbu yake yenyewe, na mtoto wa Tabora au Mbeya ana cha kumwambia mwandishi wa kitabu. Maana kitabu kinapoeleza masika na vuli, kinamweleza mtoto wa Tanga, wa Moshi na wa Bukoba. Tabora, Mbeya, Songea na Mtwara kuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa peke yake. Mtoto wa huko akijibu mtihani kwa alichokiona kwa macho yake, anaweza kukoseshwa.

Na daftari hilo lina mengine. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye mita za mraba 60 likipata milimita 10, zimeteremka lita 600, ndoo 30 za lita ishirini, ukitoa zinazoruka na kupotea. Darasa la tatu wanajua kuzidisha. Watoto haohao asubuhi wamekuja na madumu ya maji kutoka nyumbani, kibuyu chirizi kando ya choo kimekauka tangu Jumatatu, na ndani wanaimba hatua za kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka. Hesabu ya paa haimo kwenye andalio la somo. Ingekuwamo, tunadhani kamati ya shule ingeanza kuulizwa habari za gata na tangi, tena na watu wa miaka tisa, ambao kuwajibu si rahisi kama kumjibu mzazi kwenye kikao.

Kwenye historia tunaambiwa zana hakuna. Shule zilizo jirani na Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa, au jirani na magofu ya Kilwa, au na michoro ya miambani ya Kondoa, hazina kisingizio hicho. Lakini hizo ni chache. Zilizobaki zina kitu ambacho hatukithamini: bibi wa miaka sitini na kitu.

Bibi huyo alikuwa na umri wa mjukuu wake wa darasa la tatu wakati wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila aishiye vijijini awe amehamia kwenye kijiji cha maendeleo. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, elimu ya msingi kwa wote ikasogezwa hadi mwaka 1977, na madarasa mengi ambayo watoto wanakalia leo yakainuliwa kwa nguvu za wananchi, tofali kwa tofali. Mtoto apewe maswali matano aende nayo nyumbani. Mlihamia hapa mkitokea wapi? Mlibeba nini, mkaacha nini? Nani aligawa viwanja? Shule hii ilijengwa na nani? Kabla ya hapo mlikuwa mnasoma wapi? Arudi na majibu kwenye daftari.

Majibu yatagongana. Bibi mmoja atasema walikuja kwa lori la serikali, wakapokelewa kwa ngoma. Mwingine atasema nyumba yao ilichomwa ili wasirudi. Mwalimu hapo atajikuna kichwa, kwa sababu kitabu kina jibu moja na ubao una nafasi ya jibu moja. Sisi tunaona hapo ndipo historia imeanza. Mtoto wa miaka tisa anaweza kabisa kuelewa kwamba watu wawili waliopitia jambo moja wanalikumbuka tofauti. Analiona kila siku wakigombana uwanjani na wenzake, kila mmoja na yake. Na kama tunatafuta maadili, ambayo sasa yamebandikwa kwenye jina la somo, basi kumsikiliza mzee mpaka amalize ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kunakili orodha ya tabia njema.

Uongozi wa kijiji unafundishwa kwa majina na vyeo. Mtoto anajua kuna mwenyekiti na kuna mtendaji. Hajui kwamba mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu, wala kwamba mapato na matumizi yanapaswa kusomwa hapo. Apelekwe aone ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Kama ni mtupu, aandike kwamba ni mtupu.

Tunajua tutajibiwaje, na majibu mengine yana haki. La kwanza ni idadi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila anayepita kwenye shule za pembezoni mwa miji yetu anajua kiwango hicho kinakaa kwenye karatasi. Mwalimu mwenye watoto 90 akiwatoa nje, atawarudisha wangapi? Swali ni la haki na hatulipuuzi. Ila watoto 90 waliobanana wanne wanne kwenye dawati hawafundishiki vizuri ndani pia, na uwanja una nafasi ambayo chumba hakina. Waende kwa makundi, kundi moja kwenye kijiti, jingine likichora ramani ya uwanja kwa hatua za miguu, jingine kwenye kipimamvua, na mwalimu wa zamu awe karibu. Hakuna anayelazimika kuvuka barabara. Tunaomba kipindi kimoja kwa wiki, hatuombi safari.

La pili linatoka kwa wazee wa Elimu ya Kujitegemea. Watasema haya yalishajaribiwa tangu Machi 1967, shule zikapewa mashamba, na tukaona mwisho wake. Kweli tuliuona. Katika shule nyingi jembe liligeuka adhabu ya wachelewaji, na mahindi yaliishia kusikojulikana. Mtoto alitoka darasani kwenda kufanya kazi, hakwenda kujifunza, na hakuna aliyemuuliza alichokiona shambani. Sisi hatuombi jembe. Tunaomba daftari na penseli, na swali la kwenda nalo nje.

La tatu limetoka kwa majirani. Kenya walipoingiza mtaala wa umilisi kwenye madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi wengi walilalamika kwamba kazi za vitendo zimewaangukia wao: kuchapisha picha, kununua vifaa, kukesha wakitengeneza kazi ya mtoto. Malalamiko hayo yasipuuzwe huku. Chupa, kijiti, rula na kamba viwe vya shule, na mwalimu asimtume mtoto nyumbani na orodha ya vitu vya kununua. Kazi ambayo mama ataifanya saa nne usiku haimfundishi mtoto wa darasa la tatu chochote.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko vyote hatukuambiwa na mtu, kinaonekana. Mwaka unaofuata darasa la tatu kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na shule inahukumiwa kwa wastani wake. Mwalimu mwenye akili timamu anaangalia karatasi ya mwaka jana, anafundisha inachotaka. Karatasi ikiuliza kifaa kinachopima mvua kinaitwaje, atafundisha jina la kifaa, na chupa itabaki jalalani. Ndiyo maana hatumlaumu yeye kwanza. Baraza la Mitihani linaweza kubadili ufundishaji wa nchi nzima kwa maswali matatu tu. Likitoa jedwali la mvua ya siku saba na kumtaka mtoto aseme siku gani ilinyesha zaidi, na kwa milimita ngapi kuliko siku iliyotangulia, chupa zitatengenezwa. Likichora mlingoti wa bendera na kivuli chake saa mbili asubuhi, likauliza jua liko upande gani, kila mwalimu wa nchi hii atawatoa watoto wake nje wiki ileile. Maswali ya namna hiyo hayahitaji fedha wala mtaala mwingine.

Wathibiti ubora nao wana lao. Wanapofika shuleni wanaomba azimio la kazi, andalio la somo na madaftari ya wanafunzi. Kipindi cha nje hakiachi ukurasa uliojaa maandishi, hivyo mwalimu aliyefundisha vizuri kwa kokoto anaweza kuonekana hakufundisha, na yule aliyejaza ubao mara mbili akasifiwa. Waanze kuomba daftari la mvua. Nalo waliangalie vizuri: likiwa na namba kila siku, Jumamosi na Jumapili zote zikiwemo, limejazwa ofisini jana yake. La kweli litakuwa na mapengo ya wikiendi, na Jumatatu yenye mvua ya siku tatu.